Mtoto Anapozaliwa Mfu: Mwongozo kwa Mama, Mwenza na Ndugu

Kwa miaka niliyofanya kazi ya ukunga mkoani Kigoma nimeona jambo moja likijirudia: mtoto akizaliwa mfu, kila mtu hukimbilia kufunika. Mkunga humfunika mtoto kwa kitenge na kumpeleka pembeni kabla mama hajainua kichwa, ndugu hufunika kwa maneno wakisema haikuwa riziki, na daftari la wodi hufunika kwa mstari mmoja usioeleza chochote. Wote hufanya hivyo wakiamini kwamba wanamwonea mama huruma. Lakini jambo likishafunikwa halipati kuliliwa ipasavyo, wala halichunguzwi, na ndiyo maana mama yuleyule anaweza kurudi baada ya mwaka mmoja na mimba nyingine, akiwa na huzuni ileile na presha ileile ambayo hakuna aliyeitaja.

Mwongozo huu unaeleza la kufanya tangu habari inapotolewa hadi mimba inayofuata. Nimeuandika nikiwafikiria watu wa Kasulu, Kibondo, Uvinza na Ujiji, ingawa mengi yake yatawafaa pia ndugu zetu wa Urambo na Nzega mkoani Tabora. Kama unausoma ukiwa mjamzito na mtoto wako amepunguza kucheza au ameacha kabisa, usiendelee kusoma. Nenda kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku.

Saa ya habari

Mkunga huweka fetoskopu tumboni, husikiliza, huihamishia upande wa pili, husikiliza tena, kisha humwita mwenzake. Mama huwa ameshaelewa kabla hajaambiwa. Hata hivyo, kukosa mapigo kwa fetoskopu peke yake hakutoshi kuthibitisha kifo. Kipimo cha ultrasaundi kinachoonyesha moyo wenyewe ndicho cha uhakika, na familia inaweza kuomba kifanyike, au kuomba rufaa ya kwenda kilipo, kabla ya kupokea neno la mwisho. Kwa wahudumu wenzangu nasema hivi: mwambieni mama akiwa ameketi na amejifunika, aliyemsindikiza akiwa pembeni yake, na mtumie maneno yasiyo na shaka, kwamba moyo wa mtoto haudundi tena na mtoto amefariki. Maneno ya kuzungukazunguka kama "mtoto amechoka" humwachia mama tumaini ambalo mtu mwingine atalazimika kulivunja baadaye.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba, baada ya habari hiyo, kwa kawaida hakuna haraka. Kama mama hatokwi na damu, hana homa, presha yake iko sawa na chupa haijapasuka, anaweza kupewa saa kadhaa au hata siku za kumsubiri mume, kumwita mama yake mzazi na kuelewa kilichompata. Kwa wanawake wengi uchungu huanza wenyewe ndani ya wiki mbili hadi tatu, lakini mama anaweza pia kuchagua kuanzishiwa uchungu kwa dawa akiwa hospitalini, na wengi huchagua hivyo kwa sababu kubeba mtoto aliyefariki ni mzigo ambao mwingine hawezi kuupima. Anayeamua kusubiri arudi kupimwa kila wiki, maana kadiri siku zinavyopita, hasa baada ya wiki nne, hatari ya damu kushindwa kuganda huongezeka.

Ndugu huomba mara nyingi mama apasuliwe ili mtoto atolewe upesi. Ombi hilo hutoka moyoni, lakini upasuaji huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kovu hilo linaweza kuihatarisha mimba ijayo, kwa hiyo madaktari hawaufanyi isipokuwa pale usalama wa mama wenyewe unapoudai. Badala yake ombeni dawa za kutosha za kupunguza maumivu, na ombeni mama apewe kitanda mbali na wenye watoto wanaolia. Penye wodi moja tu, hata pazia la kitenge lililofungwa kwa kamba linasaidia.

Kumwona mtoto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nafasi hii huja mara moja tu na haiwezi kurudishwa. Mara nyingi bibi au shangazi husema mama asimwone mtoto, kwani atamwota usiku. Siwapuuzi wazee hao. Wamewaona wanawake wakidhoofika kwa huzuni na wanataka kumkinga binti yao. Ninachosisitiza ni kwamba mama asilazimishwe kumwona mtoto na asizuiwe kumwona, na kwamba aulizwe zaidi ya mara moja, maana aliyekataa saa tatu usiku huenda akataka saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2020 wataalamu na wazazi kutoka nchi nyingi walikubaliana juu ya kanuni nane za kuihudumia familia iliyofiwa hivi, na kumsaidia mama afanye uamuzi wake mwenyewe akiwa na taarifa kamili ni miongoni mwa kanuni hizo.

Kabla ya kumleta mtoto, mweleze mama atakachokiona. Midomo huwa na rangi nzito kama zambarau iliyoiva, viungo huwa legevu, kichwa kinaweza kuwa laini kuliko kawaida, na kama mtoto alifariki saa nyingi kabla ya kuzaliwa, ngozi huwa imeanza kubambuka. Kubambuka huko hutokana na mtoto kukaa ndani ya maji ya uzazi baada ya kufariki. Nimesikia familia zikisema mtoto ameunguzwa na dawa za mama, au amefanyiwa jambo na jirani, na nimeona mama akirudishwa kwao kwa tuhuma hiyo. Mkunga aliye chumbani anapaswa kulieleza jambo hili kwa sauti inayosikika na kila ndugu aliyepo. Anayemwosha mtoto wa namna hiyo asimsugue. Amguse taratibu kwa kitambaa laini chenye maji, kisha amviringishe kwenye kanga safi na kuacha uso na mikono wazi.

Namkumbuka mama mmoja aliyeletwa kwa boti kutoka kijiji cha kando ya ziwa. Tulipompa mtoto wake aliifungua kanga kwa kidole kimoja, akaanzia miguuni. Akahesabu vidole polepole hadi kumi, kisha akamgeukia mama mkwe na kumwambia, "Mama, tazama, ana kidole gumba cha baba yake." Mama mkwe, ambaye tangu alfajiri alikuwa akihimiza mtoto azikwe kabla jua halijawa kali, aliketi sakafuni, akaomba na yeye apewe amshike.

Mkitaka kubaki na ukumbusho, hauhitaji gharama. Kila zahanati ina kidau cha wino wa muhuri. Pakeni unyayo wa mtoto wino kidogo, ukandamizeni kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya daftari gumu, kisha upanguseni. Kama ngozi imebambuka, acheni wino, mchore mzunguko wa unyayo kwa kalamu. Andikeni tarehe, saa, uzito na urefu. Picha ya simu ipigwe kwa ruhusa ya wazazi tu, na kama mama hataki kuiona sasa, itunzwe kwenye simu ya dada au shangazi hadi siku atakayoiulizia, ambayo inaweza kuwa baada ya miaka. Mpeni mtoto jina kama wazazi wanalitaka.

Kuhusu mazishi, ulizeni mapema ikiwa mtachukua mwili wa mtoto au mtauacha hospitalini, na msiseme "hospitali itashughulikia" kabla ya kuelezwa maana yake. Wapo wazazi walioniuliza miezi mingi baadaye mtoto wao yuko wapi, na sikuwa na jibu. Waislamu wengi wa Ujiji hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa, na imamu wa msikiti wenu atawaelekeza kuhusu sala na mengine yote. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa inamruhusu askofu kukubali mazishi ya kikanisa kwa mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo ikiwa wazazi walikusudia abatizwe, kwa hiyo msisite kumwendea paroko. Mama aulizwe kama anataka asubiriwe. Kuzika mtoto wakati mama yake bado yuko wodini, bila yeye kujua, ni jambo ninaloliomba liachwe.

Mwili wa mama

Siku ya pili au ya tatu maziwa hutoka. Mara nyingi hakuna aliyemwonya mama, naye hukaa katikati ya waombolezaji na blauzi imelowa, akihisi kwamba mwili wake unamsaliti. Aambiwe mapema. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana, aweke kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, anywe parasetamoli, na kifua kikimuuma sana akamue kidogo tu hadi apate nafuu, kwa sababu kukamua hadi mwisho kunauambia mwili utengeneze mengine. Kufunga kifua kwa nguvu kwa kanga, kama wengi walivyofundishwa, huziba mirija na kuleta jipu. Titi likiwa jekundu, lenye joto, na mama ana homa, aende kutibiwa.

Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu kali, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Mama ambaye kundi lake la damu ni hasi anahitaji sindano ya kinga iitwayo anti-D ndani ya saa 72, na familia inapaswa kuuliza kabla ya kuruhusiwa, kwa sababu dawa hiyo haipatikani kila mahali na huenda ikabidi kuitafuta. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwanamke kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa kwa kibali cha daktari. Shambani hakuna sheria hiyo, kwa hiyo ni wajibu wa mume na mawifi kuhakikisha jembe halimfikii mapema.

Msiba nyumbani

Mtoto huyu ni wa kuliliwa kama marehemu yeyote. "Mungu atakupa mwingine" na "bora hakukuzoea" ni maneno yanayosemwa kwa nia njema, lakini humfanya mama aone kwamba aliyemzaa hahesabiki. Semeni "pole sana kwa kumpoteza mwanao", mtajeni kwa jina kama amepewa, kisha kaeni kimya naye. Atakayechota maji, atakayepika ugali na atakayewaogesha watoto wengine amesaidia kuliko msemaji. Watoto wakubwa waambiwe kwa lugha ya kweli kwamba mdogo wao amefariki. Wakiambiwa kwamba amelala, wataanza kuogopa kulala.

Baba husahaulika. Huulizwa mama anaendeleaje, hutumwa kutafuta mbao na jembe la kuchimbia, kisha hurudi ziwani au shambani kana kwamba hakufiwa. Rafiki mmoja na amchukue, wakae chini ya mti, amuulize yeye mwenyewe ana hali gani.

Huzuni haina tarehe ya kuanua tanga. Lakini kama baada ya wiki mbili mama hali, halali hata akipata nafasi, hajali lolote, anajilaumu mfululizo au anazungumzia kufa, huo umekuwa ugonjwa unaotibika, na apelekwe kwa daktari au kwa muuguzi wa afya ya akili. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Kwa wengine, dawa kubwa ni kukutana na mwanamke aliyepitia jambo hilohilo. Nchini Uingereza wazazi waliunda umoja wa namna hiyo, Sands, tangu mwaka 1978, na Kenya wana Still A Mum. Hapa kwetu inatosha muuguzi kuwakutanisha, kwa ridhaa yao, wanawake wawili au watatu wa kata moja.

Kuuliza kwa nini

Swali la mama, "kwa nini mwanangu?", ndilo swali la mtafiti. Linahitaji kuulizwa kabla ya kuondoka wodini, wakati aliyemhudumia bado anakumbuka. Ulizeni mapigo ya mtoto yalisikika mara ya mwisho lini na nani aliyeyasikia. Mtoto alikuwa na uzito gani kwa umri wa mimba. Maji ya uzazi yalikuwa na rangi gani. Na kondo la nyuma lilionekanaje, kwani damu iliyoganda nyuma yake inaweza kuonyesha kwamba liliachia mapema. Kondo lisipelekwe shimoni kabla halijatazamwa na kupimwa uzito. Ulizeni majibu ya presha, kaswende, malaria, sukari, wingi wa damu na kundi la damu, na kama kipimo fulani hakikufanyika, kifanyike sasa. Mkiambiwa kwamba kitovu kilimzunguka shingoni, ombeni maelezo zaidi, kwa sababu watoto wengi sana huzaliwa hai na kitovu kikiwa shingoni. Majibu yote yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, na kadi hiyo isichomwe wala kutupwa kwa uchungu, itahitajika.

Tangu mwaka 2015 Tanzania ina mwongozo wa kufuatilia na kupitia vifo vya akina mama na vya watoto wanaofariki karibu na kuzaliwa, ambao unataka vifo hivyo vijadiliwe bila kutafuta wa kumtwisha lawama. Kikao cha namna hiyo huwa na nguvu pale familia inapotoa upande wake: saa ngapi uchungu ulianza, usafiri ulichelewa wapi, mlipofika mlikaa muda gani kabla ya kupokelewa. Watafiti wawili wa Marekani, Thaddeus na Maine, walieleza mwaka 1994 aina tatu za kuchelewa zinazoua, yaani kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika, na hadi leo sijaona njia iliyo wazi zaidi ya kuyapanga matukio ya usiku mmoja.

Kuchelewa kwa aina ya tatu ndiko kunakoniumiza zaidi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ilijazwa mwishoni mwa zamu. Mapigo ya mtoto yaliandikwa 140, 140, 140, kila nusu saa, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na mtoto alizaliwa mfu akiwa na ngozi nzima isiyobambuka, kama aliyelala, dalili kwamba alifariki muda si mrefu kabla ya kuzaliwa. Karatasi ile haikumsaidia mtoto, na baadaye haikumsaidia yeyote kujifunza. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu baada ya mimba kutimiza wiki 28, takriban robo tatu yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini, na kwamba zaidi ya wanne kati ya kila kumi walifariki mama akiwa tayari kwenye uchungu. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, ile safu ya 140 inasomeka kwa namna nyingine.

Habari njema ni kwamba utafiti unafanyika karibu nasi. Vituo 30 katika mikoa mitano, Tabora ukiwa mmojawapo, vilishiriki katika mpango ambao wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli ya kufundishia na vifaa vya kusikiliza mapigo ya mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto wachanga wa siku ya kwanza kwa takriban asilimia 40. Hapa Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo tisa vya serikali vilijaribu utaratibu wa mama kuwa na mwenza wa uzazi leba, yaani mtu aliyemchagua akae naye wakati wa uchungu, na wanawake walieleza kwamba walihudumiwa kwa upole na kusikilizwa zaidi. Mtafiti akija nyumbani kwenu baada ya msiba, mnaruhusiwa kumuuliza kibali chake cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kumuuliza majibu yenu yatatumikaje, kuahirisha mazungumzo, na kukataa kabisa bila huduma yenu kuathirika. Mkikubali, simulieni yote, pamoja na dawa za kienyeji zilizotumika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kinachofichwa hapa kinaweza kumgharimu mtoto wa jirani pia.

Mimba inayofuata

Wanawake wengi waliopoteza mtoto hivi huzaa mtoto hai baadaye. Hata hivyo hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine, karibu mara tano kwa mujibu wa mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, na kwa sababu hiyo mimba inayofuata isiwe siri kliniki. Kuhusu muda wa kusubiri, utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia zaidi ya wanawake 14,000 wa Australia, Ufini na Norwei haukuona kwamba kushika mimba ndani ya mwaka mmoja kunaongeza hatari. Wanawake wale waliishi katika nchi tajiri, kwa hiyo kwa mama wa Kakonko ninashauri asubiri hadi damu yake irudi, matibabu yote yakamilike na moyo wake uwe tayari. Na kama alipasuliwa, mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Nenda kliniki mara tu unapojua una mimba. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, na la kwanza ndilo lenye uzito, kwa sababu kaswende inayogunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini, ilhali ikiachwa huua mtoto tumboni kimyakimya. Mume apimwe na kutibiwa siku hiyohiyo, la sivyo ataurudisha ugonjwa. Katika mikoa yetu yenye malaria nyingi, usihesabu homa peke yake kuwa dalili, maana vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula wakati mama anajiona mzima. Vidonge vya SP, vya kukinga malaria, huanza kumezwa baada ya wiki 13 na kurudiwa kila hudhurio, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu. Mama anayetumia septrini kwa sababu ya VVU asivimeze. Chandarua kiwe cha kila usiku, hata wakati wa kiangazi.

Presha ipimwe kila hudhurio na mkojo upimwe protini. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi si cha kuambiwa "pumzika nyumbani" bila mpango. Kama mtoto aliyetangulia alifariki kwa sababu ya presha, muulize daktari mapema kuhusu dozi ndogo ya aspirini, ambayo inapaswa kuanza kabla ya wiki 20. Kwa familia za wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua naongeza kwamba nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka katika majani mabichi yenye unyevu. Mjamzito asichume, asifunge majani na asikae kwenye moshi wa bani la kukaushia tumbaku.

Kuanzia wiki 28 lala kwa ubavu. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kulala chali katika miezi ya mwisho kunaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa mfu kwa zaidi ya mara mbili; ukiamka na kujikuta umelala chali, usihamaki, geuka tu. Kuhusu kucheza kwa mtoto, hakuna idadi moja inayomfaa kila mama. Jifunze kawaida ya mtoto wako, anacheza saa ngapi na kwa nguvu gani, na ikibadilika nenda siku hiyohiyo. Ni kweli kwamba utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha zaidi ya mimba 400,000, haukuthibitisha kwamba kampeni ya kuwahamasisha akina mama kuhusu jambo hili pamoja na utaratibu mmoja wa hospitali inapunguza vifo. Mimi sioni hapo sababu ya mama kunyamaza. Naona wajibu wa sisi tunaompokea kumsikiliza mtoto vizuri na kuchukua hatua inayostahili.

Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ziachwe kabisa. Baadhi yake hukaza mfuko wa uzazi bila kuachia, na kila unapokaza, damu inayomfikia mtoto hupungua. Panga usafiri mapema: namba 115 hupigwa bila malipo kwa dharura ya mjamzito au mtoto mchanga, na ikiwa unaishi kando ya ziwa kusini mwa Uvinza, au mahali ambapo mvua za Novemba hadi Aprili hukata barabara, hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yako.

Chagua mwenza wa uzazi ambaye hataona haya kusema. Kazi yake leba ni kukushika mkono, kukupa maji, na kila baada ya nusu saa kumuuliza mkunga kwa heshima, "Dada, mapigo ya mtoto yakoje?", akijua kwamba 110 hadi 160 kwa dakika ni kawaida na kwamba mtoto anapokaribia kutoka anasikilizwa kila dakika tano. Mkabidhi kadi ya zamani pamoja na mpya. Nesi wa mapokezi atauliza ni mimba ya ngapi na watoto wangapi wako hai, na mwenza wako ndiye amjibu, aliyefariki akihesabiwa, ili wewe usilazimike kulisimulia jambo hilo upya huku uchungu umekushika.